Kichwa Kiliumia, Figo Zikagoma

3 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku si wazima. Juzi mjukuu wako alianguka kutoka kwenye ngazi, akagonga kichwa sakafuni. Yuko chumba cha wagonjwa mahututi, mashine inampumulia. Leo daktari kaniambia mapafu yamejaa maji na moyo unapiga bila nguvu. Nikamuuliza, "Dokta, si aliumia kichwa?" Akasema, "Ubongo ukiumia, hauumii peke yake." Mpaka sasa sijamwelewa.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Habari za mgongo achana nazo. Mnanificha nini? Nimelea watoto saba, wameanguka mpaka kutoka juu ya paa, sijaona kichwa kikaumiza moyo. Waulize vizuri, usione haya. Na mtoto wa miaka sita alifikaje kwenye ngazi? Mkeo alikuwa wapi?

Mama yako

10 Machi

Mama, salamu nyingi.
Nimeuliza. Muuguzi alinikalisha akasema ubongo wake uliojeruhiwa unautia mwili mzima hofu, kama mtu anayekimbizwa asipumzike. Moyo unachoka, mapafu yanavuja, damu haifiki sawasawa kwenye figo. Jana figo zikagoma. Mfuko wa mkojo uliotundikwa kitandani mkavu, miguu imevimba soksi haiingii. Kila asubuhi wananitajia kiungo kipya.

Mke wangu hana kosa. Ngazi niliiacha mimi imesimama; nilikuwa nafunga taa, nikatoka kufuata balbu. Dakika tano tu. Hata yeye sijamwambia.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,
Leo sikusalimii. Nimesoma nikakaa chini. Mwambie mkeo kabla jua halijazama. Akiisikia kwa mwingine, huna ndoa. Kosa ni lako, ndiyo. Mtoto ni wetu sote. Kesho napanda basi.

Mama yako

29 Machi

Mama, natumaini ulifika salama nyumbani, na uchovu wa safari umekwisha.
Ulipoondoka tu, mapafu yakakauka, moyo ukapata nguvu. Jumatatu tukakuta mkojo kwenye mfuko! Mke wangu, ambaye hajanisemesha tangu nimwambie, alinishika mkono, tukacheka kama wendawazimu.

Juzi walimtoa bomba la kooni. Leo mama yake akamwinamia: "Mimi nani?"

"Mama." Sauti inakwaruza.

Akanivuta mbele. "Na huyu?"

Mtoto akanitazama kwa adabu, kama anavyotazama wageni.

"Shikamoo."

Nikaitikia, Mama. Ningefanya nini?

Mwanao