Kila Saa Nane

Bwenini, tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na mkaza mjomba, na ile cherehani yako inayokohoa. Mimi sijambo, ila kengele ya asubuhi hapa haina huruma.

Baada ya salamu, nina kichekesho. Mwalimu wetu wa kemia ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mmoja achunguze kazi moja ya watu wazima, aende kuitazama kila Jumamosi, amhoji mtu, halafu asimame mbele ya shule aeleze alichokiona. Majina ya kazi yaliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kopo. Mimi niliomba Mungu nipate urubani. Nikachovya mkono, nikatoka na ufamasia. Aliyepata urubani ni msichana anayeogopa kupanda kitanda cha juu, na amekataa katakata tubadilishane.

Nilinuna siku mbili. Jumamosi nikaenda duka la dawa lililo nyuma ya shule. Mfamasia ni mama mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Watu wanamwita Bibi Soma-Tena, kwa sababu kila karatasi ya daktari anaisoma mara mbili, na ukimjibu harakaharaka anakwambia, "Soma tena." Siku nzima hakuniruhusu kugusa hata kidonge kimoja. Nilisoma maandishi ya kwenye makopo mpaka macho yakawasha. Lakini mjomba, kwa nini vidonge vingine vina mstari katikati na vingine havina? Kwa nini chupa nyingine ni za rangi ya kahawia? Nimerudi bwenini na maswali kumi na tisa.

Sasa nina maombi mawili. Kwanza, natakiwa kumhoji mtu anayemeza dawa. Mama aliniambia umeanzishiwa dawa mpya. Unameza nini, lini, na ulielewa maelekezo? Jibu kwa barua, maana simu wewe hupokei. Pili, tarehe 28 Machi ndiyo siku ya kusimama mbele ya shule, na ninahitaji koti jeupe. Vipimo vyangu unavyo, ila mabega yameongezeka kidogo.

Mpwa wako,
Kwanini


Kwa fundi, tarehe 11 Februari

Mpwa wangu Kwanini,

Marahaba. Sisi wazima. Cherehani inakusalimu, na inasema ikohoe isikohoe, ndiyo iliyokuvisha tangu ukiwa wa kubebwa.

Baada ya salamu, nimefurahi umekosa urubani. Wewe ungeiuliza injini "kwa nini" huko huko juu, ikazimika.

Haya, nihoji. Nina dawa za aina mbili. Za presha nilizianza zamani. Zimeandikwa kila saa 12, nami nazimeza saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wala sijawahi kukosa hata siku moja. Za pili ni za huu mkono wa kulia. Umeanza kucheza wenyewe bila ngoma. Daktari wa kliniki alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na dawa itautuliza. Maelekezo nimeyaelewa, mimi si mtoto.

Zaidi ya hapo hakuna la kueleza. Tundu la sindano limeanza kunikwepa, basi. Wateja hawajui na usimwambie mama yako.

Koti utapata. Kitambaa nimeshanunua, kizito, kisichoonyesha nguo ya ndani.

Mjomba wako,
Fundi


Bwenini, tarehe 18 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Hujambo? Na mkono je, haujambo? Mimi mzima, na nimeruhusiwa kuhesabu vidonge! Vinamwagwa kwenye sahani maalumu, unavisogeza vitano vitano kwa kijiti bapa. Ukipiga chafya, unaanza upya.

Baada ya salamu, naomba usinikasirikie. Nimeiweka barua yako kando ya ile ya mwaka jana, uliyonipongeza kwa kufaulu. Mwaka jana maneno yako yalijaza mstari mzima, mtu angeyasoma toka mlangoni. Sasa mwandiko wako ni wa sisimizi, na kadiri mstari unavyokwenda ndivyo herufi zinavyozidi kunywea. Mwanzoni nilidhani unabana karatasi. Kisha nikamuuliza Bibi Soma-Tena, akasema ugonjwa wa aina hiyo huweza kuufanya mwandiko uwe mdogo. Akauliza, "Dawa anameza?" Nikasema ndiyo, na ameelewa maelekezo. Akavua miwani. "Nani kakwambia ameelewa?"

Ana kisa chake. Mama mmoja alipewa dawa ya maji ya mtoto, akaambiwa ampe kijiko kimoja cha chai asubuhi na jioni. Bibi alimuuliza, umeelewa? Nimeelewa. Siku ya tatu akarudi, mtoto bado ana homa. Kumbe kila asubuhi na jioni alikuwa anampa kijiko kimoja cha chai, tena ya rangi, na chupa ya dawa iko kabatini haijafunguliwa. Tangu siku hiyo Bibi haulizi umeelewa. Anasema, "Niambie utakavyomeza," na mteja haondoki mpaka aeleze kwa mdomo wake.

Basi mjomba, usiniambie umeelewa. Niambie unavyomeza. Na usome kile kilichoandikwa kwenye kopo, uninakilie neno kwa neno.

Mpwa wako,
Kwanini


Bwenini, tarehe 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki ya tatu na sijapata jibu. Kama nimekuvunjia heshima kwa habari ya mwandiko, nisamehe. Mama ananiambia kila siku kwamba ulimi wangu hauna breki.

Baada ya salamu sina habari. Nataka tu kujua kama u mzima. Koti si lazima.

Mpwa wako anayekupenda,
Kwanini


Kwa fundi, tarehe 12 Machi

Mwanangu Kwanini,

Huyu ni mkaza mjomba wako anayeandika. Mjomba wako amekaa hapa kitandani anatamka, mimi naandika. Anasema marahaba, anasema hajambo. Hilo la pili ni uongo.

Baada ya salamu, anasema hakukasirika. Anasema alijaribu kukuandikia mara nne, na karatasi zote nne zimewashia jiko. Anasema koti amelikata, ameunga mabega, na ameshona mfuko wa kushoto. Mfuko umepinda. Alipouona aliifunika cherehani kwa shuka, na tangu siku hiyo hajaifunua. Hili la shuka hakulisema yeye, nimelisema mimi. Ananiuliza mbona naandika maneno mengi kuliko aliyotamka.

Anasema kuna fundi wa mtaa wa pili anataka kuinunua cherehani. Ameshakuja kuitazama mara mbili. Wamekubaliana aichukue mwisho wa mwezi huu. Anasema fundi asiyeweza kutunga uzi ni mtazamaji tu. Mwanangu, miaka thelathini na moja namsikia mume wangu akiimba juu ya ile mashine. Sasa nyumba iko kimya nami siwezi kuizoea.

Kuhusu maswali yako, anasema andika hivi: "Kwenye kopo wameandika kwa kalamu, kidonge 1 kila saa 8. Basi kila saa nane mchana, nikishakula, nameza kimoja. Sijakosa hata siku moja tangu tarehe mbili Januari. Na dawa yenyewe ina baraka, haiishi. Walinipa tisini, wakasema nikimaliza nirudi. Leo nimemeza, bado vimo ishirini."

Anasema pia mkono umezidi, kwa hiyo dawa si ya kwake.

Mkaza mjomba wako
(na Mjomba, ameweka alama yake hapa chini, usiicheke)


Bwenini, tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kwa mkaza mjomba pia, shikamoo na ahsante. Najua nimeshawapigia simu leo mchana, lakini mjomba ulicheka, ukasema mambo ya watoto. Kwa hiyo naandika, ili karatasi hii uende nayo kliniki.

Baada ya salamu. Nilimpelekea Bibi Soma-Tena barua yenu. Aliisoma. Akaisoma tena. Akanirudishia, akasema, "Soma tena." Nikasoma, nikasema sioni kitu, anameza kila siku saa nane kama alivyoandikiwa.

Akaniuliza, "Leo nimesimama hapa kaunta saa ngapi?"

Nikahesabu tangu alipofungua. Nikasema, "Saa nane."

"Hizo saa nane zangu ni mchana?"

Mjomba, hapo ndipo nilipoelewa. Kila saa 8 hawakumaanisha ukiona saa nane imefika. Walimaanisha zikipita saa nane, meza, zikipita nyingine nane, meza tena. Yaani saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Vitatu kwa siku! Tisini vilikuwa vya siku thelathini, ndiyo maana walisema ukimaliza urudi. Wewe umemeza sabini kwa siku sabini. Si baraka. Dawa haikushindwa, mjomba, haikufika.

Na najua ulikosea wapi, maana ningekosea hapo hapo. Ni zile za presha. Kila saa 12, ukazimeza saa kumi na mbili ya asubuhi na ya jioni, na kwa bahati ikawa sawasawa, maana kati yake ni saa kumi na mbili kamili. Kosa likakaa limejificha ndani ya jibu sahihi. Yalikosekana maneno mawili tu kwenye kopo. Kila BAADA YA saa nane.

Sasa sikiliza, haya ni maneno ya Bibi na ameniamuru niyapigie mstari: usiongeze wewe mwenyewe, usimeze vitatu leo ili kufidia. Chukua makopo yote mawili na barua hii, nenda kliniki mara tu ikikufikia, mwambie daktari unavyomeza. Yeye ndiye atakayekupangia jinsi ya kuanza upya.

Na cherehani, nakuomba, asiichukue mtu kwanza. Nakupigia magoti, mjomba. Ninaogopa.

Mpwa wako,
Kwanini


Bwenini, tarehe 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema ulikwenda kliniki. Zaidi ya hapo kila mtu ananiambia "tusubiri tuone", na mimi kusubiri sijui. Kesho ni mwisho wa mwezi. Sitauliza habari ya mashine.

Baada ya salamu, nilisimama mbele ya shule juzi. Koti niliazima kwa Bibi. Yeye mfupi, mimi mrefu, mikono yangu ikabaki nje kama ya mwizi wa nguo. Nilipewa dakika kumi. Sikueleza chupa za kahawia wala mistari ya vidonge. Niligawa vikaratasi kwa darasa letu, watu arobaini, vimeandikwa: "Kidonge 1 kila saa 8. Eleza utakavyomeza." Unajua wangapi walijibu saa nane mchana? Kumi na saba! Na mwalimu mmoja, simtaji. Ukumbi ulicheka, halafu wenye vikaratasi wakavisoma tena. Sikutaja jina lako, nilisema tu mtu ninayempenda.

Mwalimu wa kemia akaniuliza, kwa hiyo utakuwa mfamasia? Nikasema sijui. Nilidhani ni kazi ya dawa. Kumbe nusu yake ni kazi ya maneno, nami sijui kama ninaweza kuwa mwangalifu kila siku kama Bibi. Lakini Jumamosi nilikwenda tena, na wala si lazima tena. Alinipa kalamu. Bahasha zote za siku ile niliandika mimi: kila baada ya.

Mpwa wako,
Kwanini


Kwa fundi, tarehe 26 Aprili

MPWA WANGU KWANINI,

Marahaba! Unaona ukubwa wa hiyo? Nimeandika mwenyewe, na mkaza mjomba wako amefukuzwa chumbani kwa kosa la kuchungulia.

Baada ya salamu — na tangu uliponiandikia siwezi kupita hapa bila kucheka. Miaka yote naandika "baada ya" kwenye kila barua, halafu yakanipotea pale yalipotakiwa.

Nilimpa daktari barua yako. Aliisoma mara mbili, nikamwambia unafanana na mtu fulani. Akanianzishia upya taratibu, na wiki ya pili nikafika vitatu. Kopo jipya limeandikwa asubuhi, mchana, usiku, na saa zake. Akaniambia pia bila kuficha, mkono hautapona, utatulia. Kuna siku dakika chache kabla ya kidonge unaanza utundu wake. Nauacha ucheze, kisha tunaendelea na kazi. Nililia siku nilipotunga uzi, nakwambia wewe tu.

Fundi wa mtaa wa pili alikuja tarehe 31 na mkokoteni. Nikamwambia asubiri wiki mbili. Akaja tena baada ya wiki mbili, akanisikia naimba, akageuza mkokoteni.

Koti lako ndilo hili ndani ya kifurushi. Najua limechelewa. Mfuko wa kushoto niliushona enzi za kila saa nane. Wa kulia nimeushona enzi za kila baada ya saa nane. Mkaza mjomba wako alitaka niufumue ule uliopinda, nikakataa. Uwe mfamasia, uwe rubani, hilo ni lako. Ila kalamu iweke mfuko wa kushoto.

Haya. Usiniambie umeelewa. Niambie utakavyolivaa.

Mjomba wako,
Fundi