Kishingo na Jogoo wa Serikali

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Nimefagia uwanja. Kuku wamepata pumba. Kishingo amefanya vituko vyake vya kila asubuhi: amepata mdudu, hakummeza. Akamwinua kwa mdomo, akamwangusha, akamwinua tena, huku akiita mpaka majike wote wakaja mbio. Kijivu ndiye aliyekula. Kishingo akashusha bawa moja hadi chini, akamzunguka, na Kijivu akainama bila ubishi. Marehemu mume wangu hakunifanyia hata nusu ya hayo.

Na si mzuri. Shingo haina unyoya hata mmoja, nyekundu tupu. Majike wangu wote shingo zao zimefunikwa, hii ni ya kwake peke yake. Mbegu hiyo mama aliileta toka Kabambare ndani ya kikapu, alipokuja kuolewa hapa Kasongo. Mama hayupo tena. Kishingo ndiye wa mwisho.

Alhamisi, 9 Septemba

Amepita Bwana Kitenge, monita wa kilimo, mwalimu wa serikali wa mashamba na mifugo, na matenga ya majogoo weupe. Kila mwenye kuku amepewa mmoja. Amri: majogoo wa kienyeji wote wachinjwe kabla hajarudi, vifaranga wapate kuwa wakubwa kama wa wazungu. Atakayekaidi, gereza. Mayai yaliyokuwa yakiatamiwa ameyachukua yote, tuanze upya.

"Mama Hawa, miye natumwa tu," amesema.

Mtu mwema. Nimemchukia hata hivyo.

Jumamosi, 11 Septemba

Jogoo wa serikali ni mkubwa, safi, mweupe kama kanzu ya Idi. Wifi yangu Zaina anamwita Bwana Mkubwa. Adabu hana. Haiti, hazunguki, hagawi. Anakula wa kwanza, kisha anamrukia jike aliye karibu. Kijivu amekimbilia jikoni, akaruka juu ya mafiga. Aliponaswa alipiga kelele za kuamsha mji. Alipoachwa akajikung'uta, akajikamua, akatoa nyuma kila alichopewa.

Zaina ameona. "Wifi, huyu hamutaki. Anamutupa inje!"

Tumecheka mpaka machozi.

Jumatatu, 13 Septemba

Majirani wamechinja. Mtaa mzima unanukia mchuzi.

Mimi bado. Nimemficha Kishingo chumbani, chini ya tenga, gunia juu yake. Gizani hawiki. Mchana nafunga mlango wa ua, namtoa kidogo awaone wake zake. Majike hawatagi, tangu vurugu hii ianze hakuna hata yai moja. Naogopa gereza. Naogopa zaidi kubaki bila mbegu ya mama.

Ijumaa, 17 Septemba

Leo yamekwisha.

Kitenge amekuja, amekaa barazani, amekunywa maji. Nimemwambia jogoo tumeshamla. Ameamini. Alikuwa amesimama aende zake, Bwana Mkubwa akaruka juu ya kinu, chini ya dirisha la chumba changu, akawika. Na Kishingo, ndani ya giza, chini ya tenga na gunia, akajibu. Mkubwa akawika tena. Kishingo akajibu tena, kwa nguvu zaidi. Hakuweza kunyamaza mwenzake akimringia mbele ya wake zake. Mjinga. Mjinga kabisa yule kuku.

"Mama Hawa," Kitenge amesema, akitazama chini, "ile sauti iko mu chumba."

Hakunipeleka popote. Alingoja tu hadi mume wa Zaina alipokuja na kisu. Zaina amepika. Nimewekewa firigisi, sikula. Nimelia kwa ajili ya kuku, mtu mzima kama mimi.

Jumatano, 22 Septemba

Majike wameanza kutaga. Kijivu anatagia jikoni, nyuma ya mtungi. Bado anamkimbia Mkubwa, ingawa hafaulu kila mara. Zaina anasema nikaange mayai yake tu, jike asiye na mume atatoa viza.

Sijayagusa. Ukaidi tu.

Jumapili, 3 Oktoba

Mvua. Kumbikumbi wametoka kwa wingi. Bwana Mkubwa amewala peke yake, bila kumwita yeyote. Nimemtupia jiwe, nikamkosa.

Kijivu ameatamia.

Jumanne, 12 Oktoba

Kitenge amemwona Kijivu juu ya mayai, amefurahi. "Sasa utaona kuku ya kweli, Mama."

Alipoondoka nimesimama mbele ya kiota muda mrefu. Nilitaka kuyamwaga yote. Sitaki kumlelea Mkubwa watoto. Kijivu amenitazama kwa jicho moja, akanidonoa mkono. Nimemwacha.

Jumamosi, 23 Oktoba

Vifaranga wamelia asubuhi. Nimeinua bawa la Kijivu. Wawili ni weupe, shingo zimejaa manyoya, na baba yao anajulikana. Watano shingo ziko tupu. Nyekundu.

Nimekaa chini, papo hapo kwenye majivu.

Jogoo wa kienyeji hakuna tena mtaani. Mayai haya yote Kijivu aliyataga baada ya Kishingo kuliwa. Kumbe alikuwa ameiweka mbegu ya Kishingo tumboni siku zote hizo, anaitoa kidogo kidogo, na ya yule mwingine anaitupa. Nani alimfundisha? Zaina amewatazama mmoja mmoja, akasema haya ni mambo ya wanawake, tusiulize.

Jioni Kitenge amepita. Sikuwaficha. Nimechoka kuficha. Amechuchumaa, amemshika mmoja kiganjani, amempapasa shingo kwa kidole.

"Amri iko ya majogoo," amesema mwishowe. "Hawa ni batoto tu."

Amemrudisha chini ya bawa la mama yake. Amevaa kofia, amefika mlangoni, amegeuka.

"Mama, bakikomaa, utaniwekea moja kwa bibi yangu?"

Nimemwambia nitamwekea.