Simu Inayopiga Hodi

Jumatatu, 4 Machi

TV imenisema leo. Sitanii.

Nimerudi kazini, nimevua viatu mlangoni, namkuta mama mkwe sebuleni na uzi wake wa kufuma, miwani puani, rimoti mapajani. Anatafuta video ya kufuma kola. Badala ya kola, TV nzima imejaa matumbo! Wiki ya saba, mtoto ana ukubwa gani. Vyakula vya mama mtarajiwa. Damu kidogo mwanzoni — je, ni hatari?

Mama akaniangalia juu ya miwani. Akauliza, eti hii TV imeanza lini kuzaa?

Nikacheka. Nikasema matangazo tu hayo mama, siku hizi wanarusha chochote. Nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko.

Maana hayo yote niliyatafuta mimi. Jana, jikoni, mlango nimeurudishia, kwenye simu yangu mwenyewe. Lakini akaunti ni ile ile moja: mume wangu aliponunua TV aliiunga na akaunti yangu, kwa sababu yake alisahau nywila. Kuta zina masikio, hilo tulilijua. Sasa TV nayo ina mdomo.

Sijamwambia mtu. Hata mmoja! Hata mume wangu, mwenye mzigo mwenzangu, aliye barabarani na lori lake.

Jumanne, 5 Machi

Kwa nini sijamwambia. Niandike, labda nitajielewa.

Mara ya kwanza mimba ilipoingia, alitangaza. Aliwaambia madereva wenzake wote, na wauza mafuta, na walinzi wa mizani ya malori. Ndivyo alivyo, furaha haimkai kifuani. Ilipotoka, mimi nililia nyumbani mara moja, nikanyamaza. Yeye alisimamishwa kila kituo. "Mtoto hajambo?" Kila kituo! Akajibu mmoja mmoja, njia nzima, kwenda na kurudi. Mara ya pili vivyo hivyo. Alirudi amekonda kuliko mimi.

Basi safari hii nimesema: nibebe peke yangu mpaka ishike. Kisha nitamwambia mimi. Kwa mdomo wangu. Siyo TV.

Alhamisi, 7 Machi

Leo dukani kwetu kwa miwani tumekata lenzi nyembamba, zile za watu wenye macho mabovu sana. Zikiguswa na jiwe la kusagia zinanuka yai viza. Miaka yote nimeivumilia harufu hiyo, nikawa hata naitania. Leo — mbio! Nimemwacha mteja na fremu puani.

Daktari wa macho, bosi wangu, akauliza kama nimekula kitu kibaya. Nikasema samaki. Akasema pole, naye samaki humchezea tumbo. Mtu mwema. Anaona herufi za mstari wa mwisho kabisa ubaoni, ila mimi hanioni. Afadhali.

Mchana simu ikaniletea tangazo la nguo za wajawazito. Nikaigeuza kifudifudi kwenye meza. Kikulacho ki nguoni mwako — mimi changu nakichaji kila usiku!

Jumamosi, 9 Machi

Wifi kaja kula mchana. Dada mkubwa wa mume wangu. Ni mwandishi wa habari, wa zile habari ambazo wakubwa hawapendi zisomwe. Ofisini wanamwita Kufuli. Watu wanamwambia mambo ya kufukuzisha kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufukuzwa kwa ajili yake.

Tumekaa tunakula, mama anahangaika na rimoti, na ile TV ikaanza tena. Majina mazuri ya watoto wa kike!

Nilijua uso wangu umebadilika. Wifi akaitazama TV. Akanitazama mimi, kidogo tu, kama mtu anayeangalia saa. Akaendelea kutafuna. Akamwambia mama, nipe hiyo rimoti nikutafutie kola zako.

Tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo akasema, bila kuinua macho:

"Wifi, simu yako inaropoka. Ukitaka, kesho njoo kwangu. Yangu mimi niliifunza adabu zamani."

Basi. Hakuuliza kitu. Hakukonyeza hata jicho!

Watu wengine wana wifi ya kwenye boksi lenye taa za kijani. Mimi ninaye wa miguu miwili, na huyu hakatiki.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani kwa wifi. Meza ya kulia, laptopu, waya mfupi. Wa kwanza uligoma, akasema nusu ya matatizo ya dunia hii ni waya mbovu.

Simu yangu ilikataliwa mlangoni. Mfumo wenyewe, huu alioweka kwenye yake ili isimpeleleze, hauingii kila simu, ni aina chache tu. Wifi akafungua kabati, akatoa simu yake aliyoiacha, kioo kina mkwaruzo pembeni, akaiweka mbele yangu. Nikaanza, wifi jamani, siwezi — akanikata.

"Inakula vumbi humu. Inipishe."

Kwanza unafungua kufuli la ndani, lile linalozuia kubadili mfumo. Simu ikaonya: ukiendelea, kila kitu kitafutika. Akanisogezea. "Simu yako, kidole chako." Nikabonyeza. Ule mfumo wa zamani ukaondoka na kila kitu chake. Kwenye laptopu maandishi meupe yakaanza kutiririka, mstari juu ya mstari. Simu ikazima. Ikawaka. Ikazima kabisa! Nikajua tumeiua. Wifi anakunywa chai. Anasema mwache mgonjwa apumue.

Ikawaka. Akalifunga tena lile kufuli la ndani. Hilo ndilo wengi husahau, akasema, na mlango wa chuma ukiachwa wazi ni tundu tu.

Kisha nikapewa. Kioo cheusi, programu chache, basi. Haikuniuliza mimi ni nani! Haikutaka barua pepe, wala tarehe ya kuzaliwa, wala namba ya pili "kwa usalama wako". Nilikaa nayo mkononi kama mtu aliyehamia nyumba mpya, anasikia sauti ya miguu yake.

Na hiki ndicho nilichokipenda: kila programu inapiga hodi. Kamera, hodi, naomba kamera. Ramani, hodi, naomba kujua ulipo. Karibu, au rudi ulikotoka — unachagua wewe. Ile programu ya ujumbe ilitaka majina ya watu wangu wote. Nikaionyesha wanne tu, na inadhani hiyo ndiyo dunia yangu nzima. Tochi haikuomba kitu. Tochi yangu ya zamani ilitaka orodha nzima ya jamaa zangu. Tochi! Ya nini kumjua shangazi yangu?

Wifi akanionyesha sehemu moja ya mipangilio. Akasema kama kuna programu unataka ikae na mambo yako bila kuongea na mtu, hapa unaikatia mtandao, inabaki bubu. Akachukua vikombe viwili akaenda kuviosha.

Vikombe viwili. Aliviosha mpaka nikamaliza kuweka ile ya kuhesabu wiki na kuikatia ulimi. Ndipo maji yakafungwa.

Nampenda mwanamke huyu.

Jumatano, 13 Machi

Si mteremko wote. Programu ya benki imekataa katakata, eti simu hii haiaminiki. Haiaminiki! Nyie mliokuwa mnajua nimenunua nini kabla mume wangu hajajua? Nimeirudisha kwenye simu ya zamani, inakaa kabatini na benki yake, nitaitoa nikiwa na shida nayo.

Ramani nayo imenipeleka barabara ya vumbi nyuma ya karakana, nikafika kwa mteja na viatu vyekundu.

Nikampigia wifi kulalamika. Kacheka. Akasema ukihama nyumba, wiki ya kwanza unajigonga kila kona. Tena akaniambia jambo nimeliandika hapa nisilisahau: mfumo si hirizi. Ukimpa mtu siri akaitangaza, simu haina kosa. Na ile akaunti ya zamani bado iko kwenye TV, bado inakumbuka. Akasema tumwachie mama, ajaze kola na vitambaa mpaka isahau matumbo.

Jumatatu, 18 Machi

Kimya. Sijui niseme vipi. Siku nzima dukani simu iko mfukoni na hainiiti. Ikilia, ni mtu. Mtu kweli, mwenye sauti!

Nimesoma habari za ujauzito mchana, kwenye ngazi za nyuma, na hakuna aliyenifuata. Hakuna nguo, hakuna kitanda cha mtoto, hakuna majina. Ningeweza kufunga ukurasa na ikawa kama sikuufungua. Waliotengeneza kitu hiki siwajui, wala wao hawanijui, wala hawataki kunijua. Heshima ya namna hiyo sikujua inaweza kukaa ndani ya mashine.

Jioni mume wangu kapiga. Yuko kwenye foleni ya mizani, nasikia injini. Akauliza, mbona sikuoni kwenye ramani?

Moyo paa! Ile ramani ya familia. Nilisahau kabisa kwamba tuliiweka.

Nikasema nimebadilisha simu, dada yako kanipa yake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema taratibu, "Hamna neno. Nilikuwa napenda tu kukiona kile kidoti. Nikilala kwenye lori nakitazama, najua umefika nyumbani."

Mimi nilidhani wanaoniangalia wote ni wezi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefikiri siku tatu. Nimemrudishia kidoti. Yeye peke yake. Simu ikauliza, nina hakika? Nina hakika. Kumbe ndiyo maana ya mlango: si kwamba hafiki mtu, ni kwamba unamfungulia mwenyewe.

Katuma kicheko na picha ya usukani.

Jumanne, 26 Machi

Zahanati. Nimezima kidoti asubuhi, nikajiambia ni leo tu. Wiki ya kumi.

Kile kitanda chembamba, ile jeli baridi. Nesi ananyamaza. Wakinyamaza mimi hufa kidogo. Nikatazama feni ya darini, ina mapanga matatu, moja limepinda. Kisha akageuza kile kioo na kufungua sauti.

Mapigo. Ya haraka, kama mtu anakimbia kwa furaha.

Hatujawahi kufika kwenye mapigo. Mara zote mbili hatukufika.

Nesi akaniuliza anitumie picha kwenye simu? Nikasema nipe ya karatasi. Nimeitia ndani ya kasha la miwani, kati ya kitambaa na fremu. Nikatembea mpaka dukani kama mtu aliyebeba mayai.

Alhamisi, 28 Machi

Mama mkwe!

Nimerudi, namkuta jikoni anamenya vitunguu. Nikanyoosha mkono nichukue ndoo ya maji. Akasema bila kugeuka, "Iache."

Nikasema si nzito, mama.

"Nimesema iache. Nitaibeba mwenyewe, na kama siwezi itakaa hapo hapo."

Akafuta macho — vitunguu, alisema. Kisha akaanza kuongea, polepole, kisu kinakwenda. Kwamba kabla ya kumzaa wifi alipoteza mimba tatu. Kwamba mama mkwe wake yeye kila mara alipita nyumba kwa nyumba kutangaza, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa akipewa pole sokoni, kikapu mkononi, mbele ya watu. Kwamba ile TV ilipoanza kusema, alielewa dakika ile ile.

"Jirani alikuja ile Jumatano kutazama tamthilia," akasema. "Nikachomoa waya, nikamwambia imeungua. Wiki mbili sasa anatazama kwake. Na mimi tamthilia yangu imenipita."

Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Nikamuuliza mbona hukuniambia kama unajua?

"Mimi si TV, mwanangu. Nikijua kitu hakinitoki mpaka mwenyewe aje kukichukua."

Wifi kapata wapi zile tabia zake — sasa najua. Nilikwenda kutafuta mfumo mpya mtaa wa pili, na wa kwanza kabisa umekaa kwenye kochi letu unafuma kola.

Nilimwonyesha picha. Hakuishika, mikono ina kitunguu. Aliinama akaiangalia karibu sana, akasema ina paji la uso la marehemu mumewe. Ni doa tu kama haragwe, jamani! Nikasema kweli, mama, ni lake kabisa.

Jumamosi, 30 Machi

Amefika. Nilisikia breki za lori toka barabara kuu.

Kakonda kidogo, kaungua mkono wa upande wa dirisha. Kanibeba mlangoni kama kawaida yake, na mama kapiga kelele, mshushe, mshushe! — mpaka mume wangu akashangaa. Akauliza kuna nini? Mama akasema nguo zako zina grisi, utamchafua mke wako.

Sasa mama amevaa viatu. Anasema anakwenda kwa jirani kumpa habari njema kwamba TV imepona, na asitafutwe mpaka arudi mwenyewe. Wifi katuma neno moja tu: "Nipo."

Mume wangu yuko bafuni. Anaimba, sauti mbovu kama siku zote, haoni haya. Nilipanga maneno dukani wiki nzima. Nianze na mapigo? Nianze na kwamba ni mapema bado, kwamba tusiwaambie wa mizani, wala wa mafuta, wala mtu? Atanichukia kwa kumficha? Au atakaa tu chini kama alivyokaa ile mara ya pili, kwenye sakafu, na taulo —

Maji yamefungwa.

Ananiita. Kasahau taulo, bila shaka. Ninalo hapa mapajani, na ile picha ya zahanati iko juu ya taulo. Mlango unafunguka kidogo, mkono wenye maji umetoka, unapapasa hewani, unangoja nitie kitu —