Neno Nililoandika kwa Rangi Nyekundu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na ndiyo maana nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi bila kujua nianzie wapi. Mama anadhani nasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Nianze na lililo baya. Vichaka vimekwisha. Vile ulivyowabembeleza majirani zetu hapa Nyakahura waviache nyuma ya nyumba zao, kimoja kimoja, kwa miaka yote uliyokaa kando ya barabara ukiziba pancha za baiskeli, vimefyekwa kwa siku moja. Na aliyesababisha ni mimi.

Wewe hukuwahi kuhubiri. Mtu akileta gurudumu, ulikuwa unatafuta tundu kwenye beseni la maji huku unamuuliza taratibu, "Na kule nyuma umewaachia nini wale wadogo?" Wadogo ndio hao, vyura, kalunguyeye na miiba yao, chiriku, hata nyuki. Mtu anacheka, anasema hana nafasi, na wewe unamwambia hatua tatu tu za majani zinatosha, na kigae cha maji ya kunywa. Mzee Masalu ulimsumbua misimu miwili mpaka akakubali kumwacha bundi kwenye kichaka chake, yeye aliyeapa kwamba ndege huyo akilia nyumbani lazima mtu afe. Ulimwambia tu aangalie panya wanavyopungua ghalani kwake. Baadaye akawa anakuja kutupa habari za bundi wake kama mtu anayemsifia mkwe.

Ulipofariki nilitaka kazi yako isife. Huo ndio ujinga wangu, Baba, niliona kazi yako haina jina. Tulipomaliza matanga nikaenda kwa mchora mabango, nikamwambia aandike vibao vya kupigilia kwenye kila nyumba yenye kichaka: HIFADHI YA NYUMBANI. Chini yake, namba ya nyumba. Alikuwa amebakiwa na rangi nyekundu tu, nikasema haidhuru. Nilivipigilia mwenyewe siku ya mnada, watu wakiwa hawapo, nikitaka wakirudi wafurahi.

Wewe ungenizuia. Ulikuwa ukinitania kwamba Kiswahili changu ni cha ofisini, nami nacheka. Darasani hifadhi ni neno zuri, tunalifundisha kwa picha ya twiga. Lakini nusu ya mtaa wetu ni watu waliotolewa porini pamoja na ng'ombe wao kwa neno hilohilo. Wanalijua likija na namba na rangi nyekundu. Walirudi kutoka mnadani wakakuta yote matatu kwenye kuta zao, na kesho yake alfajiri nikasikia mapanga.

Nilikimbia nyumba hadi nyumba nikieleza. Nani anisikilize? Kwa Mzee Masalu nilikuta ameshang'oa mpaka mizizi, bundi amekaa juu ya bati mchana kweupe, kunguru wanamzonga. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, neno hilo limenihamisha mara mbili. La tatu silisubiri." Halafu akasema lililonivunja. "Kumbe baba yako miaka yote ile alikuwa anatupimia maeneo."

Ndivyo wanavyosema sasa, Baba. Sokoni, kisimani, hata kanisani wanasogea nikikaa kwenye benchi. Maswali yako yote yamekuwa upelelezi. Wewe, uliyemwachia ndugu yako shamba la Keza kuliko kugombania naye mpaka.

Wiki iliyopita walikuja uani kwetu, kama watu kumi hivi. Mzee Masalu akasema kwa upole kwamba kama kweli si hifadhi, basi nami nifyeke kichaka chako, waone. Nilikubali upesi. Nilitaka sana. Nilichukua panga nikaingia, nikainama kukata shina la kwanza, na hapo nikawaona kalunguyeye wamejibana kwenye majani makavu, wengi kuliko tuliowahi kuwa nao, na vyura wamelundikana penye unyevu. Walikuwa wametoka kwenye nyumba zote zile. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Nilikaa chini nikalia, mimi ambaye siku ya mazishi yako nilijikaza. Nilipotoka na panga halijakata kitu, mama mmoja akasema kwa sauti ya kuchoka, "Si mmeona wenyewe." Wakaondoka.

Ningefyeka, jina lako lingesafika palepale. Nalifikiria hilo kila siku, na kila mara nakuona ukiinua bega moja, ukisema watu na waseme wanavyotaka. Sijui kama ndivyo ungesema au ndivyo ninavyotaka useme. Sitegemei tena kwamba kuna nyumba itakayoacha hata hatua moja ya majani. Niliwapa sababu ya kuogopa, nao si watu wa kuogopa bure.

Pumzika, Baba. Ninakuahidi moja tu, kwamba panga halitaingia pale nikiwa hai. Ilinibidi nichague kati ya jina lako na wale wadogo. Nimewachagua wao, nikakuacha wewe.

Mwanao,
Devota