Halbadiri ya Bangili ya Maha

Ijumaa, 10 Mei 2024

Bangili ya Maha imepotea. Ya dhahabu, aliyoachiwa na mama yake. Ati aliivua juzi kwenye karamu ya ndoa ili aoshe mchele, na aliyekuwa karibu ni mimi tu. Mimi tu! Jiko zima lilijaa wanawake. Najua kinachomuuma. Zamani pilau ya kila shughuli hapa Mwera ilikuwa yake. Siku hizi naitwa mimi, yeye anapewa vitunguu amenye. Leo kasema mbele za watu kuwa nina mkono mrefu.

Jumamosi, 11 Mei

Maha anataka isomwe Halbadiri. Aliyechukua apatwe na maradhi, yeye au wa nyumbani kwake, mpaka arudishe. Nikajibu wote wakisikia: isomwe, hata kesho, na ubani natoa mimi. Nilitaka wanione sina hofu. Njiani mume wangu kanishika mkono. "Kitu kile hakichezewi, Shahd," kasema. Saud naye kwa woga.

Jumapili, 12 Mei

Imesomwa baada ya alasiri, barazani kwa Maalim Ziyad. Ubani wangu ukafuka. Maha ananitazama mimi, hawatazami wasomaji. Nami nikamkazia macho. Nimerudi, nimepika, nimekula nikashiba.

Jumanne, 14 Mei

Saud ana homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mbu wa mvua hizi, basi. Mlango wa mbele nimeufunga.

Jumatano, 15 Mei

Homa haishuki. Jirani yangu Praxeda anauliza mbona simvushi Pangani, hospitali. Yeye Mkatoliki, mambo yetu haya hayamwingii. Nimpitishe wapi? Maha anakaanga mihogo pale pale kivukoni. Akimwona Saud kabebwa, mimi ni mwizi mpaka naingia kaburini.

Habari zimeshamfika hata hivyo. Jioni kapita dirishani kwangu, kasema kwa sauti kwamba yeye hana kinyongo na mtu, arudishiwe chake tu.

Na mimi — Mungu nisamehe — nimempekua Saud. Mifuko ya suruali, chini ya godoro, ndani ya kofia zake. Mgonjwa kalala, mie nampindua. Niliwaza, mbona yeye aliiogopa Halbadiri? Sikukuta kitu. Naona haya hata kumpa maji.

Alhamisi, 16 Mei

Asubuhi macho yake yamekuwa manjano. Nikasema potelea mbali, waseme watakavyo. Praxeda kaleta bodaboda, iko mlangoni. Majirani wote wametoka vibarazani.

Nimemvisha Saud shati. Nikamwambia twende. Hakuinuka. Nikadhani nguvu zimemwisha, nikainama nimnyanyue. Kanivuta karibu, kaninong'oneza ili Praxeda asisikie. Dawa ya hospitali haiondoi Halbadiri, kasema. Hanikasirikii. Nikairudishe tu bangili, yeye atapona, na hataniuliza kamwe kwa nini niliichukua.

Nirudishe nini?

Nimeapa. Nimetia udhu, nimeshika Msahafu, nimeapa tena. Ananitazama kwa huruma, kama mtoto anayekataa kosa. Kisha kageukia ukutani.

Nimekaa chini na daftari hili kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Praxeda anasema tumbebe kwa nguvu. Saud kashika ubao wa kitanda, hauachii. Bodaboda inapiga honi.