Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Dada yangu mpenzi,

Huku wazima, cherehani tu ndiyo inanidekea. Kichefuchefu hakijaniacha, na mwezi huu siku zangu sijaziona. Nesi alisema vidonge vya kupanga uzazi huleta hayo, nikajipa moyo. Si unajua nilivitoa kwenye pakiti nikavichanganya na vifungo koponi, mume wangu asivione?

Jana nilimkuta mama mkwe anafuma kisweta. Nikacheka, "Cha nani hicho, mama?"

"Cha mjukuu wangu. Vile vidonge vyako nilishavitupa, mwanangu. Unavyomeza ni vya kichwa."

Alisema kwa upole, dada, kama anayenikaribisha chai. Kisha akaniletea lile kopo nimchagulie vifungo.

Ninalo mapajani. Bado sijachagua.

Mdogo wako, fundi