Tundu la Bomba kwenye Paa la Mteremko

Chumba cha nyuma ya tanuri,
Jumapili, 9 Machi.

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla ya lolote, u hali gani huko uliko? Kifua kimepona? Mama yako aliniambia ulikuwa bado unakohoa ukilala, na ukimya wako umenitia wasiwasi. Sisi huku wazima, ila magoti yangu hutangaza mvua kabla haijanyesha. Miaka yote hii ugenini, bado sijaizoea baridi ya mji huu.

Nakuandikia kuhusu masomo ya kuchora kwa kompyuta uliyompa dada yako, binti yangu, kwa simu. Juzi nusura tumwage unga.

Unajua tanuri letu la mikate lilikuwa likitolea moshi ukutani, ukiingia moja kwa moja kwa mama wa ghorofani, jirani yetu, ambaye mtoto wake ana pumu. Alilalamika, na alikuwa na haki. Bwana Afya akatupa hadi Ijumaa jioni: bomba lipande juu ya paa, la sivyo kufuli mlangoni.

Dada yako akalichora banda zima la tanuri kwenye kompyuta. Akaweka duara la bomba sakafuni, kisha akalipandisha wima hadi kwenye paa la mteremko, kama ulivyomfundisha. Hapo duara likarefuka kama yai, maana bomba limesimama na paa limeinama. Sahihi kabisa. Kosa lilikuja kwenye kuchapa: alichapa banda likitazamwa kutoka juu, na kutoka juu yai lile huonekana duara. Karatasi hiyo ndiyo aliyopewa Fundi Bati.

Ijumaa mchana, mawingu yametanda, Fundi yuko juu ya paa na mkasi wake, ndipo binti akagundua. Akaigeuza picha ili alitazame paa uso kwa uso, akachapa upya, akatoka mbio na unga mikononi.

"Baba mdogo, usikate! Shika hii."

Fundi akazitazama karatasi mbili. "Asubuhi duara, sasa yai. Jioni mtaniletea kiazi? Bomba ni duara, mwanangu, hata mbuzi anajua."

"Ukikata duara, bomba halitapita wima, litalala. Litaelekea dirisha lilelile."

"Hiyo kompyuta yako imelewa. Mzee, sema wewe!"

Mpwa wangu, nilizidi kuishika ngazi. Bati bapa la upana ule lilikuwa moja tu. Jingine lingechukua wiki nzima kufika. Na Fundi ndiye aliyenipokea mjini hapa nikiwa sijui hata pa kununua chumvi. Huyu damu yangu, yule mwenzangu. Matone ya kwanza yakaanza kugonga paa.

Binti akashusha sauti. "Baba mdogo, timazi unayo mfukoni. Simamisha kipande cha bomba wima, shusha uzi na uzito wake kuzunguka ukingo wote, utie alama za chaki. Ukipata duara, kata duara, nami nitanyamaza."

Fundi akashusha uzi, akatia nukta, akasogea, akatia nyingine. Alipofika upande wa chini wa mteremko, timazi ikazidi kushuka kabla ya kugusa bati, na nukta ikakaa mbali kuliko alivyotarajia. Akaziunganisha kwa kidole. Akaweka karatasi ya pili juu yake. Nukta zote zikaangukia kwenye mstari wa yai.

"Haya, leteni yai lenu," akasema mwishowe. "Ila nikichekwa mtaani, nitamtaja aliyelitaga."

Bomba lilipita kama kidole kwenye pete. Mvua ilitukuta tukiziba kingo. Bwana Afya alipofika moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Akasimama barabarani chini ya mwavuli, sote tukiukodolea moshi macho. Ukasita, ukainama kidogo, kisha ukapanda. Baada ya muda dirisha la ghorofani, lililofungwa tangu mwaka jana, likafunguliwa, na mtoto akatoa mkono nje kukinga mvua.

Nisalimie mama yako, dada yangu wa pekee, na mkeo, na mapacha wasiomjua babu yao huyu ila kwa picha. Fundi naye anamsalimu mwalimu wa mayai. Mola akupe pumzi nyepesi na usingizi mzito.

Ni mimi nikupendaye, karibu na mbali,
Mjomba wako.